Kikundi chetu cha kusaidiana kiingie kwenye sera ya kaunti, au kibaki kivyake?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pwani, na nina ugonjwa wa baipola. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikutana na wenzangu kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Wapo wenye skizofrenia, wapo wenye sonona, na mmoja ni mzazi wa kijana anayesikia sauti. Tulijuana kwenye foleni ya dawa, tukaanza wenyewe. Sasa maafisa wa idara ya afya wametuambia kaunti inaandika sera ya afya ya akili na wangependa kutuweka ndani. Tumegawanyika. Wengine wanataka tuajiriwe na tulipwe kama wahamasishaji wa afya ya jamii. Wengine wanasema tukishavaa beji tutageuka watu wa hospitali, kazi yetu iwe kuchungulia kama mwenzetu amemeza dawa. Serikali kuu imesema nini kuhusu watu kama sisi, na tukiitwa kwenye kikao tuseme nini?

JIBU: Marahaba, dada. Wenzako wa pande zote mbili wana hoja, kwa kuwa kila upande unazungumzia kitu chake. Anayetaka kulipwa anazungumzia kazi. Anayeogopa beji anazungumzia kikundi. Waandishi wa sera wana mazoea ya kuvifunga viwili hivyo kwenye sentensi moja, kwa mfano "kuimarisha msaada wa rika katika jamii" (msaada wa rika ni waliopitia maradhi kusaidia wenzao), kisha fedha zikija hakuna ajuaye ziende wapi wala nani awajibike kwa nani. Ushauri wangu wote unaanzia hapo: daini kazi iandikwe peke yake, na kikundi kiandikwe peke yake, kila kimoja na masharti yake na fungu lake.

Kwanza nikujibu kuhusu serikali kuu. Kenya ina Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030. Mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kiundwe kikosi kazi kuchunguza hali ya afya ya akili nchini. Dkt. Frank Njenga akawa mwenyekiti, wakasikiliza wananchi sehemu mbalimbali, na ripoti yao ya 2020 ikataka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Ukafuata mpango wa utekelezaji wa 2021 hadi 2025. Katikati yake, Juni 2022, yakatiwa sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, kutokana na mswada uliofikishwa Seneti na Seneta Sylvia Kasanga. Sheria ya 1989 ilishughulika mno na nani alazwe, wapi, na kwa hati ya nani. Marekebisho yanampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, yanakataza asibaguliwe kwenye bima, na yanazipa serikali za kaunti majukumu waziwazi, pamoja na kuweka baraza la afya ya akili la kaunti.

Huo ndio msingi, na si msingi mbaya. Lakini kauli za kushirikisha jamii na watu waliopitia maradhi ni pana, na mshahara wa mtu hautoki kwenye kauli pana. Unatoka kwenye cheo kilichokubaliwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti na kwenye mstari wa bajeti uliopitishwa na bunge la kaunti. Tangu ugatuzi uanze 2013, utoaji wa huduma za afya uko mikononi mwa kaunti. Nairobi imebaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa, Mathari ikiwa mojawapo. Kwa hiyo karatasi inayoandikwa huko kwenu ina uzito kwenu kuliko ile ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Mkiikosa hii, ya taifa haitawafidia.

Mkiingia kikaoni, msiingie kama watu wanaoomba kufanyiwa jaribio. Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za afya ya akili katika jamii, na kwenye sehemu ya msaada wa rika, mmoja wa mifano iliyochaguliwa ulitoka hapa hapa nchini: kikundi cha Nairobi Mind Empowerment, kilicho chini ya USP Kenya, shirika la watu waliotumia huduma za akili na kutoka wakiwa hai wa kusimulia. Afisa akiuliza kama jambo hili limewahi kufanyika Kenya, mwambieni limefanyika, hadi Geneva, makao makuu ya shirika hilo, wakaliandika.

Sasa niseme msaada wa rika ni nini kwa macho ya sera, maana hapa ndipo maafisa wengi wanapoteleza. Huenda ukasikia mtu akitaja Friendship Bench ya Zimbabwe, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, Harare, mwaka 2006 kwa kuwafunza akina bibi wa mtaani kukaa benchi moja na mtu mwenye mawazo mazito na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa kulinganisha uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliopata huduma hiyo zilipungua zaidi ya wenzao. Ni kazi nzuri sana. Ila bibi yule hakuchaguliwa kwa sababu aliwahi kuugua. Alichaguliwa kwa sababu anaheshimika mtaani na amefunzwa. Vivyo hivyo wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000, waliozinduliwa rasmi na Rais William Ruto Septemba 2023. Mtu anaweza kuwa mhamasishaji bora bila kujua kulala wodini kunanukaje.

Mhudumu rika ameitwa kwa sababu moja: amepita humo. Anajua ladha ya dawa ya haloperidoli mdomoni, anajua taya likikaza, anajua aibu ya kurudi nyumbani ukakuta shemeji amehamishia vyombo vyako chumba cha nyuma. Anapomwambia mgonjwa mpya kwamba kuna maisha baada ya hapa, mgonjwa anamwona mwenyewe, amevaa, amechana nywele, ana simu na ana nauli ya kurudi kwake. Hakuna muuguzi anayeweza kusema sentensi ile ile ikawa na nguvu ile ile, hata awe na huruma kiasi gani.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi sana kwenye ripoti, na kwa Pwani naiona kubwa. Mtu hamwambii daktari kwamba ameacha vidonge mwezi mzima kwa sababu alikuwa kwa mganga, au anasomewa, au yuko kwenye maombi ya kufunga. Anajua atagombezwa. Kwenye kikundi anasema, kwa sababu nusu ya waliokaa pale wamefanya hivyo hivyo, na wengine wanaendelea na vyote viwili. Pale ndipo mazungumzo ya kweli kuhusu dawa yanapofanyika: ipi inakulaza mpaka saa sita mchana, namna ya kumwomba daktari apunguze, kwa nini sindano ya kila mwezi ilimfaa fulani ikamshinda fulani. Habari hizi huwa hazifiki kwenye faili. Zikifika kwa lazima, kwa maana kwamba mwanakikundi ametakiwa na kaunti kuziripoti, watu wataacha kuzisema, na kikundi kitabaki kunywa chai.

Kwa hiyo hofu ya beji ina msingi. Nitairudia mbele kidogo. Kabla ya hapo niguse ushahidi, kwa sababu mweka hazina wa kaunti atauliza: je, hii inapunguza gharama?

Uingereza wamelipima hili vizuri, wakapata majibu mawili yasiyofanana. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watu 441 waliokuwa wametoka kwenye huduma za dharura za akili. Nusu walipata mhudumu rika wa kukutana naye hadi mara 10 wakifuata kitabu cha kupanga nafuu yao. Nusu nyingine walitumiwa kitabu tu kwa posta. Katika mwaka mmoja, asilimia 29 ya kundi la kwanza walirudi kwenye huduma za dharura, dhidi ya asilimia 38 ya kundi la pili. Hapo mweka hazina anatabasamu. Lakini 2022 ukachapishwa utafiti mwingine wa watu 590, ambao wahudumu rika walianza kuonana na mgonjwa kabla hajatoka wodini na kuendelea naye miezi minne. Humo kurudi wodini hakukupungua. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2013, yaliyojumuisha majaribio 11, yalikuta wahudumu waliopitia maradhi wanapofanya kazi ile ile ya wataalamu, matokeo ya wagonjwa hayatofautiani sana. Mapitio mengine ya 2014 yalipata dalili za faida kwenye matumaini, kujiamini na hali ya mtu kujiona anapona, kuliko kwenye vitanda vya hospitali.

Mimi nasoma hivi: msiuze kikundi chenu kwa ahadi ya kupunguza vitanda. Mkiahidi hivyo na mwaka ukapita bila vitanda kupungua, fungu lenu litakatwa, na mtakuwa mmejinyonga kwa kamba yenu wenyewe. Uzeni kile ambacho ushahidi unakishika vizuri zaidi, yaani mtu kuwa na tumaini, kujua la kufanya na maisha yake, kutokuwa peke yake. Kisha ongezeni kwamba Katiba, Kifungu cha 43, inatoa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, wala haisemi haki hiyo ipo tu pale inapookoa fedha.

Na kama wanataka mfano wa karibu, Afrika Mashariki ipo. Butabika, Kampala, watu waliowahi kulazwa walifunzwa kuwatembelea wenzao walioruhusiwa kwenda nyumbani. Kampala na Dar es Salaam zilikuwa pia kati ya vituo vya UPSIDES, utafiti wa kimataifa kuhusu msaada wa rika, pamoja na miji ya Ujerumani, Israeli na India. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba hili ni jambo la watu wenye fedha.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, hautoki kwenye afya ya akili kabisa. Unatoka kwenye Ukimwi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO Uganda, wengi wao wakiwa na virusi au wameuguza walio navyo, wakati hospitali hazikuwa na la kuwapa. Baadaye Tanzania ikawa na WAVIU (watu wanaoishi na virusi) washauri wanaokaa kliniki na kuwapokea wanaoanza dawa, na Kenya ikawaingiza mama wanaoishi na virusi kwenye kliniki za wajawazito kuwashika mkono wenzao. Leo hakuna muuguzi anayeshangaa kumkuta mtu wa namna hiyo ndani ya kliniki. Ila tazama pia upande wa pili. Wengi wa watu hawa walilipwa na miradi ya wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, waliokuwa kwenye mishahara ya mradi walijikuta nje, hata kama mgonjwa wao alikuwa na miadi Jumatatu. Kaunti ikiwaambia kuna mfadhili tayari kuwalipa miaka miwili, shukuruni, mpokee, lakini muulize mwaka wa tatu umeandikwa wapi.

Haya, upande wa kazi. Nataka uwe mkali kwenye mambo machache.

Malipo kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanapata posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Idara ikiona njia rahisi itawaambia mjiunge na utaratibu huo huo. Nadhani mkatae, kwa heshima. Mhamasishaji anazungukia nyumba za mtaani kwake kwa ratiba yake. Mtu anayetakiwa kuwa kituoni siku tatu kwa wiki, kukaa na mgonjwa aliyechanganyikiwa tangu asubuhi, huyo ameajiriwa, hata kama barua haisemi. Apewe mkataba wa saa zake. Mkataba wa nusu siku ni bora kuliko posho ya siku nzima, na kwa watu wengi wenye maradhi yetu nusu siku ndiyo wanayoiweza bila kuugua.

Jina la kazi nalo liangaliwe. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka anayetoa ushauri nasaha awe amesajiliwa. Mkijiita washauri kwenye sera, siku moja mtu atawashtaki au chama cha wataalamu kitapinga, na kitakuwa na haki. Mhudumu rika inatosha. Kazi yake iandikwe kwa vitenzi vya kawaida: kumsikiliza, kumsindikiza kliniki akitaka, kumweleza haki zake, kumfikisha kwenye kikundi, kumsaidia kuandika anachotaka kifanyike akiugua tena.

Muhimu kuliko hayo, iandikwe asichofanya. Hapa ndipo sera nyingi zinanyamaza. Mhudumu rika asigawe dawa wala kuhesabu vidonge. Asimshike mgonjwa anapodungwa sindano kwa nguvu. Asipande gari la polisi kwenda kumchukua mtu nyumbani. Asifanywe mkalimani wa Kigiriama au Kidigo kila daktari mgeni anapokwama, kwa sababu atamaliza siku akiwa mdomo wa daktari, na mgonjwa ataanza kumwona hivyo. Wadi ikiwa na watu wachache, muuguzi mwenye wagonjwa arobaini atamwomba msaada yeyote aliye karibu, na simlaumu. Ndiyo maana lazima iwe kwenye karatasi, ili mhudumu aweze kukataa bila kuonekana mvivu.

Jimbo la Georgia, Marekani, linaweza kukufundisha jambo hapa. Mwaka 1999 lilikuwa la kwanza nchini humo kulipia huduma ya rika kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2007 serikali kuu ya Marekani ikaandikia majimbo yote barua ya kuikubali huduma hiyo kwa masharti: mhudumu asimamiwe na mtaalamu, kazi yake iunganishwe na mpango wa matibabu wa mgonjwa, na apate mafunzo yenye cheti. Kwa barua hiyo fedha zikapatikana na kada ikakua. Lakini chochote kinacholipiwa na bima lazima kiandikwe kwenye fomu, na msimamizi akiwa daktari au muuguzi peke yake, mhudumu rika huanza kuandika kama muuguzi, kuongea kama muuguzi, na mwishowe kufikiri kama muuguzi msaidizi. Hapa kwetu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilianza Oktoba 2024, na suala la bima kulipia huduma ya rika litaamuliwa kitaifa, haliwezi kumalizwa na kaunti yenu. Likija, mjue gharama yake.

Kinga ni usimamizi wa aina mbili. Muuguzi mkuu wa kituo asimamie usalama na ratiba. Kazi yenyewe isimamiwe na mhudumu rika mzoefu, hata kama anatoka shirika la nje na anapiga simu mara mbili kwa mwezi. Pia wasipangwe mmoja mmoja. Mtu mmoja peke yake kwenye kituo, anayejulikana na kila mtu kuwa aliwahi kuugua, atakuwa kichekesho siku mbaya na pambo siku ya wageni. Wawe wawili au wasiwepo.

Yako maswali mawili ambayo hakuna atakayeyauliza msipoyauliza ninyi. La kwanza: mhudumu akiugua tena itakuwaje? Atapata likizo ya ugonjwa kama mtumishi mwingine, na nafasi yake itamngoja? Kazi inayompa mtu ajira kwa sababu aliwahi kuugua, kisha ikamfukuza kwa sababu ameugua, ni dhuluma. La pili: faili lake. Kama anatibiwa kituo kile kile anachofanyia kazi, wenzake kazini wanaweza kusoma alichomwambia daktari. Ama atibiwe kwingine, ama faili lake lifungiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, itajeni kwa jina.

Sasa kikundi. Hiki kisiajiriwe. Kiwe kama kilivyo: mnaingia mnavyotaka, mnatoka mnavyotaka, mwenyekiti mnamchagua ninyi. Kutoka kaunti kinahitaji vitu vidogo sana, na udogo wake ndio utakaoufanya mweka hazina akubali. Chumba cha bure siku moja kwa mwezi, nje ya jengo la wodi kama inawezekana. Nauli kwa wanaotoka mbali. Ruzuku ndogo ya mwaka. Na muuguzi wa kliniki awe na desturi ya kumwambia kila anayeruhusiwa kwamba kikundi kipo, kinakutana lini, na kwamba hakuna anayelazimishwa. Kama bado hamjajisajili, kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mtahitaji cheti cha usajili huo ili kufungua akaunti ya benki na kupokea ruzuku. Kama kikundi chenu pia ni chama cha kuchangiana, wekeni daftari la fedha mbali na mambo ya kusaidiana. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu mtu aliyechelewesha mchango aliona haya kurudi kuzungumza kuhusu ugonjwa wake.

Kwa ruzuku hiyo, idara itataka ripoti, na ina haki, ni fedha za umma. Wapeni idadi ya mikutano, idadi ya waliohudhuria, na matumizi. Majina, hapana. Nani anameza dawa na nani ameacha, hapana. Sharti hili liingie ndani ya sera kwa maneno hayo hayo, kwa sababu afisa mwema wa leo atahamishwa.

Je, kuna siku kikundi kitalazimika kuvunja siri? Ndiyo, maisha ya mtu yakiwa hatarini. Lakini mkubaliane mapema, mkiwa wazima wote, nani apigiwe simu na kwa utaratibu gani, na kila mwanachama aseme mwenyewe angependa aitwe nani siku yake ikifika. Jambo hili lilikuwa gumu zaidi zamani, kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la hadi miaka miwili jela. Watu walikaa kimya kikundini wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wanachama wenu wengi huenda hawajasikia. Waambieni Jumamosi ijayo.

Kikundi kina kazi nyingine ambayo mwajiriwa wa kaunti hawezi kuifanya kikamilifu: kumsaidia mtu aamue mwenyewe. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu, wa akili pia, ana uwezo wa kisheria sawa na wengine na apewe msaada wa kuutumia. Kwa lugha ya nyumbani: ndugu asiuze kiwanja chako kwa sababu ulilazwa. USP Kenya wamefanya kazi nyingi kuonyesha kwamba wenzio wa kikundi ndio msaada wenyewe, watu wanaokujua ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa, wanaoweza kukaa nawe mezani ndugu wanapokuja na karatasi za kutia sahihi. Sasa, mhudumu wa kaunti akijikuta upande wa mgonjwa dhidi ya hospitali ya kaunti, amwajibikie nani? Mkiwa huru, swali hilo halipo.

Yule mzazi wa kijana anayesikia sauti, mpeni nafasi yake. Mzazi ni mwenza wa mzazi mwingine. Hawezi kumsemea kijana wake, na sera isihesabu kiti chake kuwa kiti cha wagonjwa. Kaunti nyingi zingefurahi kuweka mzazi mmoja kwenye baraza na kusema wagonjwa wamewakilishwa. Ombeni viti viwili vya watu wenye maradhi wenyewe, na cha familia kiwe chake.

Mwisho ni ratiba, na hapa ndipo watu wengi wenye hoja nzuri wanapokosa. Kupitishwa kwa sera hakuleti fedha. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na bajeti mpya huanza Julai. Jambo lisipokuwa kwenye mpango wa Septemba, mwezi wa nne utaambiwa halina mahali pa kukaa. Kwa hiyo msisubiri sera ikamilike. Andikeni kurasa mbili sasa: ya kwanza kuhusu kazi, ni wahudumu wangapi, vituo gani, mkataba wa aina gani, nini hawafanyi, ya pili kuhusu kikundi, chumba, nauli, ruzuku, na sharti la majina. Mmoja wenu azipeleke kwa afisa wa afya ya akili wa kaunti, mwingine kwa karani wa bunge la kaunti, na wa tatu kwa mwakilishi wadi wenu, ambaye huenda hajawahi kuombwa jambo la afya ya akili tangu achaguliwe. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu, na nakala hizo zikae kwa mwenyekiti wa kikundi.